Sahihi ya Marehemu

Hussaina alipotoka eda, wa kwanza kumwita hakuwa jamaa wala jirani, bali afisa wa forodha. Makontena mawili ya makomeo na bawaba, yaliyoagizwa na duka la marehemu mumewe, Qaidjohar, yalikuwa yamezuiliwa bandarini.

Gaffar, nduguye marehemu, alimvizia ngazini, nyumbani kwao Mji wa Kale. Muda wote wa eda ndiye aliyeendesha duka, na simu ya Qaidjohar alikabidhiwa na Hussaina mwenyewe.

"Shemeji, waambie simu ulikuwa nayo wewe, ukabonyeza bila kujua. Mjane watamwonea huruma."

"Kwani umefanya nini, Gaffar?"

"Nimepunguza bei kidogo, ushuru usituumize. Si ndivyo tulivyokuwa tukifanya sote?"

Hussaina alishika njia ya ofisi ya forodha.

Afisa Chirau, mtu mpole wa sauti ya chini, alimgeuzia kompyuta atazame. Daftari hili jipya la blokcheni, alimweleza, haliko mahali pamoja. Kiwanda kinachouza, meli, benki, forodha, kila mmoja ana nakala yake, na kilichokwisha kuandikwa hakifutiki. Kiwanda kiliandika bei yake. Duka likaja kuandika nusu yake.

"Pole kwa msiba, mama. Lakini hii ni sahihi ya mumeo, imetiwa kwa namba ya siri ya simu yake. Siku kumi na moja baada ya kuzikwa."

Hussaina alilitazama jina lile, limekaa pale kama la mtu aliye hai. Hata kaburini hawakumwacha apumzike.

"Simu alikuwa nayo nani?" Chirau alimwuliza.

Alimfikiria mama mkwe wake, Fatemabai, aliyebakiwa na mwana mmoja tu wa kiume. Akawafikiria wanawe mwenyewe, watabaki na nani akifungwa yeye.

"Gaffar," akasema.

Walimkamata jioni ile ile dukani, mbele ya wateja, na mlango ukatiwa lakiri. Hussaina alimpelekea Fatemabai chai. Bibi kizee hakukigusa kikombe.

"Qaidjohar alichukuliwa na Mungu," alisema. "Huyu umenichukulia wewe."

Asubuhi Fatemabai alihamia kwa bintiye, mtaa wa Ganjoni. Watoto walipouliza nyanya atarudi lini, Hussaina aliwaambia hajui, na kweli hakujua.