Kicheko Ndani ya Pikapu ya Libérat

Pikapu ya Libérat iliingia gereji ya Zablon, barabara ya Magamba, ikiwa na ndoo za asali kutoka Ugalla na injini inayocheka. Libérat alisema ilianza taratibu masika yalipoanza, mwanzoni akadhani ni tapeti zimelegea. Zablon alifungua boneti, akasimamisha bisibisi ndefu juu ya injini na kutega sikio kwenye mpini wake, kama mafundi wafanyavyo. Tapeti zilikuwa sawa. Beringi pia. Kilichobaki kilikuwa kicheko cha mkewe Josefina, mama Agatha, kile kinachoanzia puani.

Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Zablon aliionea wivu hata redio ya jirani, sembuse mwanamume mwenye pikapu. Josefina alikuwa akipanda gari hilo kwenda Ugalla kununua asali ya kuuza, hadi siku moja kabla ya masika Zablon alipomshusha na kumpiga marufuku, kwa sababu alirudi amefurahi mno.

"Sauti hii unaijua?" aliuliza.

"Si ya mama Agatha, fundi? Alikiacha kicheko chake humo siku ile ulipomshusha. Mi nilijua utakuja kukichukua."

Zablon aliifungua injini yote, pistoni zikalala juu ya gunia. Hakukiona popote. Alipoiunga tena na kuiwasha, kikaendelea pale kilipoishia. Libérat alishukuru, akaenda zake kushusha asali sokoni.

Jioni Zablon alirudi nyumbani na bisibisi mkononi. Josefina alikuwa uani akipepeta mchele. Zablon alimwekea bisibisi mgongoni, akasikiliza. Alisikia moyo na pumzi, vyote vikienda vizuri, na baada ya hapo kimya.

"Unatafuta nini, baba Agatha?"

"Kicheko chako kiko kwenye gari la watu."

"Najua. Huwa nakisikia likipita." Aliendelea kupepeta. "Kiache huko huko. Huko hakiulizwi kimetoka wapi."

Zablon alinawa mikono, akavuta kigoda, akala ugali wote. Maneno ya mkewe aliyaelewa vizuri kabisa, tena yalimuuma. Alipomaliza kula alimuuliza leo bombani alisalimiana na nani.