Nyumba Iliyokuwa Kwenye Droo

Siku Zuhura alipomaliza eda alifua nguo zake nyeupe, akazianika uani, akakaa barazani kuchambua mchicha. Fungu lilikuwa na mchanga mwingi. Hajafika hata nusu, pikapu ikasimama mlangoni. Akashuka Mzee Hafidhi, mkubwa wa ukoo wa marehemu mumewe, Abasi, akashuka Sufiani, mtoto wa dada yake Abasi, na vijana wawili wa kubeba. Walikuwa wameingoja eda iishe. Watu wenye adabu zao.

Zuhura akawakaribisha, akawapa maji. Mzee Hafidhi akanywa, akajifuta ndevu, akaeleza. Abasi hakuacha mtoto. Kwa mila yao mtu wa namna hiyo hurithiwa na mpwa wake, na mpwa ndiye huyu. Kwa hiyo nyumba ni ya Sufiani, na vyombo vya mbao vilivyomo ni vya Sufiani. Yeye Zuhura asijione ameonewa, maana kwao Kinole lipo shamba la ukoo wa mama yake, lina migomba na mdalasini, na hakuna wa kumfukuza huko. Dini nayo ina fungu la mjane, lakini siku hiyo hakuna aliyekuja nayo.

Zuhura alikuwa amekosea mahali, na kosa lenyewe ni la mwanamke wa milimani hasa. Kinole ardhi hufuata mama. Bibi alimwachia mama yake, mama yake akamwachia yeye, na mwanamume akioa pale hukaa kama mgeni anayelishwa vizuri. Sasa yeye na Abasi walipokuja kujenga huku Kihonda, haikumjia kabisa kuuliza nyumba imeandikwa jina la nani. Aliona nyumba ni ya mwanamke, kama chungu. Nani anauliza chungu cha nani?

Mzee Hafidhi akamwambia atoe vitu vyake kwenye kabati la chumbani, lile la mninga, ili vijana wapakie. Zuhura akanawa mikono, akaingia, wao nyuma yake.

Droo ya juu ilikuwa na kanga na miwani ya Abasi iliyobaki mkono mmoja. Kulikuwa na ufunguo wa baiskeli iliyoibwa zamani, betri zilizokufa, na kopo la vifungo ambavyo nguo zake zilishakuwa matambara ya kudekia. Kwenye ya pili mlikuwa na fulana ya mtoto mchanga na kipande cha kitovu, kimekauka, kimefungwa kwenye pamba. Alivitoa vyote, akaviweka kitandani.

Droo ya chini aliivuta mpaka mwisho. Watu wengi hawavuti droo mpaka mwisho. Wanaishia pale mkono unapofika, ndiyo maana hawajui walichonacho majumbani. Ndani yake mlikuwa na kiwanja, kiwanja hiki hiki, kabla hakijawa na kitu zaidi ya nyasi na kichuguu. Abasi alikuwa anapiga kamba za msingi, kijana, mwembamba, mdogo kama punje ya haragwe. Zuhura alikuwa anakuja na dumu la maji kichwani na tumbo limetangulia mbele. Wao walikuwa wadogo, lakini sauti zilikuwa za kawaida. Vumbi likapanda kutoka kwenye droo, Sufiani akapiga chafya, na vijana wa kubeba wakasogea pembeni ili mzee naye aone.

Wakainama wote wakatazama. Zuhura alibeba maji, akakanyaga udongo, akafyatua matofali, akayageuza juani. Abasi alikuwa na kazi Ngerengere na alirudi mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingi kwenye ile droo mlikuwa na mwanamke peke yake na matofali. Ukuta ulipofika madirishani, mtoto akalia.

Mzee Hafidhi akauliza huyo ni nani.

"Shukuru," Zuhura akasema. "Mtoto wa Abasi. Si umesema hakuacha mtoto?"

Mzee akasikiliza kile kilio mpaka kikanyamaza. Kilinyamaza mapema, kabla nyumba haijaezekwa. Akasema pole, pole sana mama, lakini mtoto aliyemtangulia baba yake harithi. Zuhura alijua hivyo. Ilimuuma vilevile, kama imetokea asubuhi ile.

Mle kwenye droo bati la mwisho likapigiliwa. Abasi akashuka ngazi, akasimama mlangoni pasipo na mlango, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyekuwa chumbani mle ambaye hakuisikia: "Haya, Zuhura. Nyumba yako hii."

Sufiani akamtazama mzee wake. Mzee Hafidhi akasema kweli wamesikia, na sauti ni ya Abasi haswa, Mungu amrehemu. Lakini maneno ya mume kwa mkewe siku ya furaha si wosia. Akawaonyesha vijana pa kushika.

"Kabati chukueni," Zuhura akasema. "Abasi ndiye aliyelinunua. Droo siwapi. Na Kinole siendi."

Alizichomoa moja moja, akazitoa nje mwenyewe. Hakuna aliyemzuia. Wengine wangelia kidogo, hata kwa heshima ya watu waliokuja na gari. Yeye hakulia. Alikuwa na hasira safi, iliyotulia, na alivuka nayo barabara mpaka kwa Anastasia.

Anastasia ni mtu wa Mgeta, muuza karoti na kabichi, na nyumba yake inatazamana na ile mlango kwa mlango. Alimpa chumba cha mbele bila kuuliza maswali. Kuanzia kesho yake, Zuhura akishaswali alfajiri na kunywa chai, aliichomeka droo ya chini kwenye kreti la kabichi juu ya kigoda pale barazani, akaivuta nyumba yake nje mbele ya mtaa mzima.

Mtaa ukazoea. Wateja wa Anastasia walichagua karoti huku wakitazama zege la lenta likimwagwa juu ya madirisha. Wapita njia walimpa Abasi pole ya kazi, naye aliitikia. Mjumbe wa mtaa alikuja kuona kama kuna kosa. Akakaa, akasikiliza mtoto akilia na kunyamaza, akasema hajui sheria yoyote inayohusu droo, akanunua kabichi akaenda zake.

Sufiani alihamia, akapaka nyumba rangi ya maziwa. Kila asubuhi, akiwa anapiga mswaki, alisikia kutoka ng'ambo: "Haya, Zuhura. Nyumba yako hii." Mwanzoni alifungulia redio. Baadaye aliacha, akasema inamsaidia kutochelewa kazini.

Masika yalipoingia, bomba likapasuka chini ya sakafu. Sebule ikajaa maji na fundi akataka kuvunja saruji yote, kwani hakuna aliyejua bomba limepita wapi. Sufiani akavuka barabara, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba."

Akaeleza shida yake. Akaomba afunguliwe kidogo tu, pale penye bomba.

"Hairuki hatua," Zuhura akasema. "Kaa."

Akakaa. Akatazama kamba za msingi, maji kichwani, matofali, tumbo. Akamsikia Shukuru kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye hakuruhusiwa kuinuka. Kisha akamwona mwanamke, kanga ya msiba bado kichwani, akichimba mtaro kwa jembe kutoka barabarani, akapita chini ya mlango wa jikoni, akalaza bomba, akafukia kwa miguu.

"Kumbe ulichimba wewe," Sufiani akasema.

"Mimi."

"Asante, mama. Mlango wa jikoni." Akainuka.

"Sufiani. Hii droo haiazimwi. Kila kitakachoharibika mle ndani, utakuja hapa, utaniamkia, utakaa, na utaanza na msingi."

Sufiani akasema sawa, ni haki. Akarudi nyumbani kwake, na hata adhuhuri haijaadhiniwa maji yalikuwa yanatoka. Wiki iliyofuata choo kikaziba. Akaja, akaamkia, akavuta kigoda. Zuhura akaweka mchicha chini, akanawa mikono, akavuta droo mpaka mwisho.