Mbwa Wawili wa Mzee Obadia

Swaumu alihamia Makuyuni mwaka aliofariki mumewe. Alijenga vyumba vitatu kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake, akaweka cherehani barazani, akamchukua mama yake mzazi, Bibi Maryamu, waishi pamoja. Nyumba za kitongoji kile zimesogeleana kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumbani, jirani wa pili humwitikia "afya". Chumvi ikiisha unanyoosha mkono uani kwa mwenzako. Mtoto akilia, akina mama watatu hutoka kumtazama. Miaka kumi Swaumu aliishi hivyo na hakuwahi kugombana na mtu.

Upande wa mashariki, ng'ambo ya ua wa minyaa, aliishi mzee Obadia, Msambaa wa Dindira, aliyekuwa mlinzi wa shamba la mkonge mpaka alipostaafu. Mkewe alipofariki, watoto walikuwa wameshatawanyika, naye akabaki na mbwa. Alikuwa na mmoja wa siku nyingi, Popi, jike zee lililong'oka meno. Kisha akaleta wawili wa tumbo moja, wekundu, wenye vifua vipana. Mmoja akamwita Watasema, mwingine Hainihusu.

Huku kwetu mtu akimpa mbwa jina la namna hiyo, majirani hukaa wakijiuliza ujumbe ni wa nani. Swaumu hakujiuliza sana. Aliona ni wake.

Mbwa wale walibweka kwa kila kitu. Bodaboda ikipita, walibweka. Mwuza vitumbua, wanafunzi, kuku aliyeruka ua, jani la mgomba likipigwa na upepo, vyote vilikuwa wezi kwao. Wateja wa Swaumu waliokuja kupimwa nguo walisimama barabarani wakaita, na wengine waliona shida kuita wakaenda kwa fundi mwingine. Lililomuumiza zaidi ni la alfajiri. Mwadhini akianza tu, Watasema aliinua shingo akalia kwa sauti ndefu kama anayeitikia, na mwenzake akampokea. Bibi Maryamu, mwenye maradhi ya presha, alishtuka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Swaumu alianza kwa upole. Asubuhi moja alisimama kwenye ua.

"Shikamoo, mzee Obadia."

"Marahaba, mama Muhsin," aliitika mzee, akimwita kwa jina la mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali. "Mmeamkaje?"

"Tumeamka, mzee, ila kulala hatukulala. Mbwa hawa wanamsumbua mama."

Mzee alivua kofia, akakuna kichwa. "Nimekusikia. Nitawafunga."

Akawafunga kweli, kwa kamba, chini ya mwembe mdogo. Lakini mbwa aliyefungwa hana kazi nyingine isipokuwa kubweka, na kelele zikawa mara mbili. Swaumu akaanza kushona mikono ya magauni kinyume. Ndipo alipokwenda kwa Hiza, mwenyekiti wa kitongoji.

Hiza aliitisha kikao nyumbani kwake siku ya Jumapili alasiri. Swaumu alitegemea kueleza shida yake na kusikilizwa. Badala yake kila mtu alisimama na la kwake. Mmoja alisema mtoto wake haendi shule bila kusindikizwa. Mwingine alisema Hainihusu alimla kifaranga. Hiza mwenyewe alikumbusha kwamba mbuzi wake aliwahi kung'atwa mguu. Hakuna aliyewahi kuyasema hayo kabla. Mzee Obadia alikaa kwenye kigoda, kofia yake juu ya goti, akiwatazama kwa zamu. Swaumu aliona aibu, lakini hakujua namna ya kukirudisha nyuma kikao alichokiomba mwenyewe.

Iliamuliwa mzee ajenge banda la kufungia mbwa wake, apewe mwezi mmoja.

"Nimesikia," alisema mzee Obadia, akavaa kofia akaondoka. Kesho yake alionekana akishusha mabanzi kutoka kwenye mkokoteni.

Wiki ya pili ya mwezi ule Bibi Maryamu alizidiwa na presha akalazwa siku mbili. Alipotoka, Athuman alikuja kumjulia hali. Athuman ni mdogo wake Swaumu, wamepishana miaka kumi na mitano. Swaumu ndiye aliyemlea na kumpeleka kujifunza ufundi, na sasa alikuwa fundi pikipiki pale Chanika, Handeni mjini. Alilala usiku mmoja. Asubuhi, mbele ya chai, Swaumu alijikuta analia, jambo ambalo Athuman hakuwahi kuliona hata kwenye msiba wa shemeji yake.

"Natamani wafe wote nipumzike," alisema.

Athuman alikoroga chai yake muda mrefu. Jioni aliaga, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata adhana iliadhiniwa mpaka mwisho na hakuna aliyeitikia. Swaumu aliswali, akarudi kujinyoosha, akalala hadi jua likaingia dirishani. Aliamshwa na Amne, mteja wake wa siku nyingi, aliyekuwa amesimama mlangoni kabisa, si barabarani.

"Hujasikia?" aliuliza Amne. "Mbwa wa mzee Obadia wamekufa. Wale wawili wekundu. Wamelishwa sumu." Aliposema hivyo hakuondoa macho usoni kwa Swaumu.

Swaumu alivaa khanga akaenda. Mzee alikuwa anachimba nyuma ya nyumba. Vijana wawili walitaka kumpokea jembe, akakataa. Mbwa walikuwa wamelazwa juu ya gunia, midomo imekauka povu. Popi alilala kando, mzima. Kwa kuwa hana meno, nyama iliyotupwa hakuiweza. Yeye chakula chake ni ugali laini na maziwa.

"Pole, mzee," alisema Swaumu.

"Nishapoa, mama Muhsin," alijibu mzee, akaendelea kuchimba.

Hakuna aliyemshutumu Swaumu. Ingekuwa hivyo angejibu. Ila bombani alipofika na ndoo, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya mahindi. Amne alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema shughuli imeahirishwa, na Swaumu alijua haijaahirishwa. Hiza naye alipita jioni moja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mimi sisemi ni wewe," alisema. "Lakini ukiwa na neno, mlango wangu uko wazi."

"Sina neno. Sikuwagusa."

"Basi," alisema Hiza, akanywa maji akaondoka.

Aliyeendelea kumsalimia kama zamani ni mzee Obadia peke yake. Swaumu alijua kwamba hakutenda, na kujua huko kulimpa hasira ya kumtosha wiki tatu. Aliwahesabu waliomkwepa. Aliwaza hata kuhama.

Wiki ya nne alikwenda stoo kuchukua dawa ya wadudu apulizie kunde zake nyuma ya nyumba. Chupa aliyoinunua mpya ilikuwa nusu, na kifuniko kimefungwa upande.

"Mama, nani ameigusa dawa hii?"

Bibi Maryamu alikuwa anachambua mchele. "Athuman. Siku ile kabla hajaondoka. Alisema kuna mchwa kwenye mlango wa choo."

Mlango wa choo ulikuwa wa bati.

Swaumu hakwenda kwenye kunde. Alikaa kwenye kizingiti cha stoo, chupa mkononi, mpaka mama yake akamuuliza kama anaumwa. Alipomweleza, Bibi Maryamu aliweka ungo chini.

"Usiseme," alisema. "Mbwa wameshaoza. Athuman atafungwa. Utamfunga mwanangu kwa ajili ya mbwa?"

Kesho yake Swaumu alipanda basi kwenda Handeni. Alimkuta Athuman amechuchumaa mbele ya injini iliyofunguliwa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alifurahi kumwona, akatafuta kitambaa ajifute ampe mkono. Swaumu hakuungoja mkono.

"Ni wewe uliyewapa sumu mbwa wa mzee Obadia?"

Athuman aliangalia kushoto na kulia. Mafundi wenzake walikuwa mbali. "Dada, ulilia mbele yangu."

"Nilikutuma?"

"Hukunituma. Ningekaa tu nikakuangalia? Mama katoka hospitali, wewe hulali. Wewe umenisomesha ufundi, umenilea. Nilisema angalau hili moja nikufanyie."

"Mtaa mzima unajua ni mimi."

Hilo Athuman hakuwa amelifikiria. Ilionekana usoni. Alirudi kuchuchumaa, akaokota spana, akaiweka tena chini.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema Swaumu. "Mimi nimeshakula. Leo nikirudi nitamwambia mzee. Nimekuja kukuambia kwanza, usije ukasikia kwa watu."

"Atanipeleka polisi."

"Huenda."

Alirudi na basi la saa nane. Njiani hakuandaa maneno, maana kila aliyoyapanga yalikuwa ya kumtetea Athuman au ya kujitetea mwenyewe. Alipofika alimkuta mzee Obadia anagongelea mabanzi. Banda alilolijenga kwa mbwa watatu alikuwa akilimaliza kwa ajili ya mmoja. Alimletea Swaumu kigoda. Swaumu akamweleza yote bila kukaa.

Mzee alisikiliza, misumari mdomoni. Kisha akaitoa mmoja mmoja.

"Ulimtuma?"

"Sikumtuma. Lakini nilisema neno mbele yake, naye akalifuata."

"Neno gani?"

"Nilisema natamani wafe wote."

"Neno hilo hata mimi nimelisema mara nyingi. Hainihusu alinilia kiatu cha kanisani." Aliweka nyundo chini. "Mimi nilidhani ni Hiza. Kwa sababu ya mbuzi wake. Mwezi mzima sijamsalimia Hiza. Akipita nageuza uso. Na hakunikosea kitu."

Hilo lilionekana kumsumbua kuliko lile aliloambiwa. Alitazama njia inayokwenda kwa mwenyekiti kana kwamba anapima umbali wake.

"Naomba nikuulize, mzee," alisema Swaumu. "Yale majina yao. Ulikuwa unanisema mimi?"

"Wewe?" Mzee alishangaa. "Ni watoto wangu. Walitaka nirudi Dindira, eti mzee haishi peke yake bondeni, watu watasema. Nikawajibu waseme, hainihusu. Wewe hata sikukufikiria."

Swaumu alikaa kwenye kile kigoda.

Athuman alikuja mwenyewe siku ya tatu, kabla hajaitwa. Walikutana uani kwa mzee Obadia: mzee, Athuman, Swaumu, na Hiza akiwa shahidi. Hiza alipendekeza lipelekwe polisi, kwani leo ni mbwa, na kesho mtoto angeweza kuokota nyama ile. Athuman aliinamisha kichwa. La mtoto hakuwa amelifikiria pia.

"Mwenyekiti amesema kweli," alisema mzee Obadia. "Lakini mimi kesi siitaki. Nataka kijana huyu aende Dindira kwa dada yangu Serafina. Mbwa wake amezaa. Amwambie kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini nahitaji watoto wa mbwa wawili. Akimpa, aniletee. Asipompa, arudi aniambie."

Athuman alipandisha Dindira na pikipiki yake siku hiyohiyo, mvua ikinyesha, barabara tope tupu. Swaumu alisimuliwa baadaye kwamba Serafina alimsikiliza hadi mwisho, akamwuliza kama ameshakula, kisha akampa shoka. Alipasua kuni mpaka giza lilipoingia, akalazwa kwenye chumba cha magunia, na asubuhi akaendelea na zilizobaki. Ndipo akapewa tenga.

Alishuka nalo nyuma ya pikipiki, taratibu kama aliyebeba mayai. Alipofika Makuyuni watu walitoka kumtazama. Alikuwa na tope hadi kifuani, na mtoto mmoja wa mbwa, aliyekataa kukaa kwenye tenga, alikuwa ndani ya koti lake, na alikuwa ameshamkojolea. Hakuna aliyecheka mbele yake. Mzee Obadia aliwapokea, akawapapasa masikio, akawafungua midomo kutazama meno, akasema, "Ahsante. Wiki ijayo wanachanjwa, na utawapeleka wewe." Athuman akaitikia.

Amne alirudi na kitambaa chake na hakugusia lolote lililopita. Swaumu alikipokea, akampima, akamshonea vizuri, ila alimcheleweshea wiki mbili. Bombani mazungumzo hayakuhama tena alipofika. Hiza na mzee Obadia walianza upya kusalimiana, kwanza kwa mbali, kisha kwa mkono. Bibi Maryamu ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi. Karibu mwezi mzima alimjibu binti yake kwa neno moja moja, mpaka Athuman alipokuja kumwona na kumwambia yeye mwenyewe hana kinyongo.

Swaumu hakujifunza kuwapenda mbwa. Walipofikisha miezi mitano walianza kubweka, wa kwanza kwa sauti ya kukwaruza, wa pili akamfuata, na Popi akawasaidia kwa uzoefu. Banda mzee alikuwa amelihamishia upande wa pili wa nyumba yake, na kelele zilipungua kidogo, si sana. Siku moja adhuhuri alisimama kwenye ua.

"Mzee Obadia, wameanza."

"Nimewasikia, mama Muhsin."

"Mama ndiyo kwanza amelala."

Mzee aliinuka, akawapigia mluzi. Mmoja alikwenda. Mwingine alimtazama Swaumu, akabweka mara mbili zaidi, kisha naye akaenda. Swaumu alirudi kwenye cherehani yake akaendelea na mkono wa gauni.