Waliopuliza Dawa ya Ngano

Mwezi wa nne mwaka 1975, bwana shamba Thadeo alishusha debe la dawa kutoka kwenye baiskeli, mbele ya ofisi ya kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Butiama. Mwaka uliotangulia ngano ya kijiji ilirefuka vizuri, kisha mvua na upepo vikailaza, ikaozea chini. Thadeo alieleza kwamba dawa hiyo hufupisha bua na kulikaza, ngano isilale. Kamati, wanaume watupu, ikaamua wanawake ndio wapulize.

Walipuliza wanawake tisa kwa siku tatu, Wankyo akiwaongoza. Mabomba yalivuja, migongo ikalowa. Siku ya nne Wankyo alitaka kuketi, kiuno kikagoma. Akijilaza, mwili ulinyanyuka wenyewe ukasimama. Wenzake nao vilevile. Mganga wa zahanati aliwapima, akakuta kila mmoja amepungua kimo kwa inchi mbili, akawapa aspirini. Burito, mume wa Wankyo, alimchongea meza ya miguu mirefu ya kulia ugali, na kila jioni akamfunika blanketi akiwa wima kando ya kitanda.

Upepo ulikuja ukang'oa bati la ofisi. Ngano haikutikisika. Siku ya kuvuna wanawake wale hawakuweza kuinama, hivyo wanaume wakainama, wakilalamika kwamba ngano ni fupi mno. Magunia yalijaa ghala. Wilaya ikaleta zawadi ya baiskeli mpya.

Mkutano uliitishwa siku ya mnada, wengi wakiwa sokoni, watu wakaja wachache. Mwenyekiti Makongoro alipendekeza baiskeli ikae kwake.

"Wanaokubali wasimame," alisema, akasimama.

Burito alijikita kwenye kigoda chake kwa nguvu zote. Wengine sita nao wakabaki wamekaa.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Wankyo, "sisi tunasimamaga hivi tangu mwezi wa nne."

"Kura ni kura, mama. Aliyesimama amekubali."

Katibu Silasi alihesabu: waliosimama kumi, waliokaa saba. Akaandika.

Ajenda iliyofuata ilikuwa nani atapuliza dawa mwakani. Mwenyekiti akasema wanaotaka wapulize wanawake walewale, wasimame. Wankyo alianza kucheka, wenzake wakamfuata, wakacheka mpaka machozi, tisa wima, wakiyumba huku na huku bila kuanguka. Silasi alisubiri kicheko kipungue, akawahesabu tena, akaandika kwamba imepita.