Sauti ya Kupita Ukuta

Kila asubuhi nasoma Biblia kwa sauti, na si kwa ajili ya Mungu peke yake. Ukuta wa chumba changu ni mwembamba, na upande wa pili ni jikoni, kwa mke wa mwanangu. Akichelewa kuamka, namsomea habari za mvivu. Akinuna, za mwanamke mgomvi. Nikifika kwenye neno lake napandisha sauti mpaka masufuria yananyamaza. Hapo roho yangu kwatu!

Leo alichelewa. Nikaweka kidole kwenye mvivu, nikakohoa. Kabla sijaanza, akaingia na mikono yenye povu la sabuni, akaketi sakafuni karibu na miguu yangu.

"Samahani, Mama. Kule jikoni maneno mengine yananipita. Leo nataka kusikia vizuri."

"Maneno yapi?" nikamuuliza kwa ukali.

"Yoyote. Mimi sikupelekwa shule. Tangu nizaliwe, ni wewe tu uliyewahi kunisomea kitu. Mungu akubariki."

Nilijiona kama nimevuliwa nguo. Nikakitoa kidole pale haraka, nikaanza kumtafutia neno zuri. Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Miaka yote hii nasoma, na sijui maneno mazuri yalipo! Kila nikiiachia, Biblia inajifungua yenyewe palepale kwenye makaripio, kwenye kurasa zilizochakaa kwa kidole changu.

"Soma tu, Mama," akasema. "Hapo hapo panatosha."