Mikeka ya Ebla Chini ya Trekta

Mto Tana ulikuwa unakula ukingo, na pampu ilikuwa juu ya ukingo huo. Aliyejua kuendesha trekta alikuwa amevunjika mkono. Aliyebaki ni Yarrow, na Yarrow alikuwa na wiki tatu tu za kujifunza.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo kwenye shamba moja chini kidogo ya Garissa, alasiri ya mvua za mwaka 1967, vita vya serikali na waasi walioitwa shifta bado havijaisha. Waliolima pale walikuwa wafugaji. Ngamia wao waliishia vitani, wengine kwa risasi, wengine kwa njaa, maana hakuna aliyeruhusiwa kuchunga mbali na kijiji. Sasa walikula mahindi, na mahindi yalinyweshwa na pampu hiyo moja. Ikienda na maji, kiangazi kingewakuta mikono mitupu.

"Usiniangalie mimi, angalia trekta!" Ndirangu alifoka.

Ndirangu ndiye dereva mwenyewe, mtu wa Nyeri, mkono wake wa kulia ukining'inia shingoni ndani ya plasta. Handeli ya kuwashia ilimrudishia teke siku ya Jumatatu kwa sababu aliizungushia kidole gumba, kosa alilomkataza kila mtu.

"Gia ya kwanza. Achia klachi polepole. Ikiinua kichwa?"

"Nakanyaga klachi, maalim."

"Huvuti usukani?"

"Klachi! Wallahi umenichosha."

Jamaa mmoja mwenye mdomo, Nunow, alikuwa amekwisha kupanda na kukaa juu ya bati la gurudumu, miguu inaning'inia.

"Shuka wewe!"

"Mimi ni uzito, maalim. Nasaidia."

"Utakuwa maiti. Trekta ina kiti kimoja. Unaona kingine?"

Nunow alishuka akinung'unika kwamba hata punda hana masharti hayo. Watu wakacheka, ingawa nyuma yao kipande cha ukingo kilikuwa kinaporomoka majini.

Ndirangu aliwaelekeza wafunge mnyororo kwenye chuma cha chini, nyuma ya trekta, kisha akateremka kwenye matope kuikagua pampu. Ilikaa juu ya magogo mawili, na magogo yenyewe yalikuwa yamezama. Yarrow akaachia klachi. Magurudumu makubwa yakazunguka, yakarusha tope hadi kwenye vilemba vya watu, yakachimba. Pampu haikutikisika.

Yarrow akageuka kuutazama mnyororo. Akaona umelala chini kama mkia wa nyoka. Ndiyo maana, akawaza. Tunavuta chini, tunaizamisha zaidi. Maisha yake yote aliona mzigo ukifungwa juu ya nundu, hakuwahi kuuona ukifungwa chini ya mkia. Alishuka, akauhamisha mnyororo, akaufunga juu, karibu na kiti. Ndirangu, kule topeni, alikuwa amempa mgongo.

Yarrow akapanda, akaachia klachi.

Mnyororo ukakaza, na moyo wake ukaruka kwa furaha: inakuja! Halafu pua ya trekta ikainuka. Ikainuka tena. Mbele yake hapakuwa na shamba, palikuwa na mawingu. Mikono yake ikafanya ilichozoea tangu utotoni ngamia anaposimama kwa miguu ya nyuma: ikavuta. Alivuta usukani kwa nguvu zake zote, na trekta ikazidi kupanda.

"Mguu, Yarrow! Mguu wa kushoto!"

Alikuwa Ebla, dada yake mkubwa. Hakujua klachi ni mnyama gani, lakini kwa wiki tatu alikuwa amewasikia wanaume hao wawili wakiimba wimbo uleule. Yarrow akakanyaga. Trekta ikaanguka mbele kwa kishindo kilichomgonganisha meno.

Ndirangu akapanda ukingo, uso umemwiva kwa hasira.

"Nani kahamisha mnyororo?"

"Mimi."

"Ngamia akikuangukia, anavunja mguu. Huyu angekusaga kifua, na sisi tungekuokota kwa koleo. Chini! Hata usipoelewa, chini!"

Yarrow akaufunga chini.

"Sasa tatizo ni utelezi," Ndirangu alisema. "Leteni matawi."

Matawi gani? Vichaka vyote vya ukingoni vilikuwa vimefyekwa ili shifta wasipate pa kujificha. Watu wakatazamana. Ebla hakumtazama mtu, aliondoka mbio. Aliporudi alikuwa amebeba mikeka mgongoni, ile minene ya kuezekea nyumba yake, na juu yake ngozi ya ngamia aliyolalia.

"Abaayo, dada yangu, hiyo ni nyumba yako," Yarrow alisema.

"Nilipokuwa na ngamia wa kuibeba, ilikuwa nyumba. Leo ni mikeka. Endesha, au nipande mimi?"

Wakaisukuma chini ya magurudumu, mitatu huku, mitatu kule. Ndirangu akaitandika ngozi juu ya mnyororo, katikati.

"Chuma kikikatika hupiga kama mjeledi. Hii itakilaza. Haya, rudini nyuma wote! Nunow, wewe rudi mara mbili!"

Yarrow akapiga bismillahi, akainua mguu wake taratibu, kama mtu anayenyata kumwacha mtoto aliyelala. Magurudumu yakauma mikeka. Nyuzi zikapasuka, trekta ikasogea. Shubiri. Hatua. Pua ilitaka kuinuka, akagusa klachi, ikatulia, akaachia tena.

"Inakuja!" Nunow alipiga kelele. "Pampu inakuja, jamani!"

Magogo yakatoka topeni yakifyonza, yakapanda, yakavuka, yakalala kwenye ardhi ngumu. Hapo ndipo pingili ikakatika. Mnyororo ukaruka, ukapasua ngozi, ngozi ikauangusha palepale Nunow alipokuwa amesimama kabla ya kurudishwa nyuma. Na kabla mtu hajavuta pumzi, ukingo wote pale pampu ilipokuwa ukashuka mtoni kwa mngurumo.

Wanawake wakapiga vigelegele. Ndirangu akasahau mkono wake, akaigonga plasta kwenye boneti akishangilia, akalia kwa uchungu huku anacheka. Yarrow hakushuka. Aliketi kwenye kiti kile kimoja, mguu wa kushoto ungali umeikanyaga klachi, hadi Ndirangu alipoizima injini yeye mwenyewe.

Pampu ilipona. Bomba la kuvutia maji lilikwenda na mto. Pingili moja ya mnyororo ilikatika. Ndirangu alirudi hospitali, mkono ukawekwa plasta upya. Ngozi moja ya ngamia ilipasuka katikati. Na mikeka sita ilisagika ikawa majani. Ebla na wanawe watatu walilala stoo ya mbolea mvua zote zilizobaki, na kiangazi kilipofika alikuwa amefuma mikeka miwili tu.