Vidonge vya Kumnenepesha Bibi Harusi

Korotumu Diarra wa Sikasso alikuwa na binti mmoja wa kuozwa, Niagale, na binti huyo alikuwa mwembamba. Si mgonjwa, mwembamba tu. Lakini siku mashangazi wa bwana harusi walipoleta kokwa za kola za posa, mmoja alimshika Niagale mkono akauliza kama katika nyumba hii chakula kimeadimika. Korotumu alicheka nao, ila lile neno hakulisahau.

Kesho yake akaenda sokoni kwa yule mama anayetembeza dawa kwenye beseni.

"Viwili asubuhi, viwili jioni," akaambiwa, akapewa vidonge vidogo vyeupe kwenye karatasi. "Mwezi mmoja tu, mlangoni atapita kwa ubavu."

Kweli, Niagale akaanza kula. Alikula ugali wa mtama na mchuzi wa karanga, akakwangua sufuria, akamaliza na cha mdogo wake. Mashavu yakaumuka. Korotumu akawa anatembea mtaani kifua mbele.

Wiki ya tatu chunusi zikatoka. Kidevuni kwanza, halafu kwenye paji la uso, kifuani, mgongoni, vipele vyekundu vya saizi moja kama vimepandwa kwa mstari.

"Mama, mimi na uso huu sitoki," alisema Niagale. "Wakija waambie nimesafiri."

"Umesafiri wapi, na harusi mwezi ujao?"

"Popote. Sema Burkina."

Korotumu akalaumu karanga, akazipiga marufuku nyumbani. Chunusi zikazidi. Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, akina mama mnaosoma, mnisikie vizuri: aliongeza kidonge cha mchana, akidhani unene utawafanya wageni wasahau uso. Siku tano baadaye miguu ya Niagale ilivimba, viatu vikakataa. Korotumu akaogopa, akampeleka zahanati.

Muuguzi wa pale, Tenen, ni wa ukoo wa Traore, na Traore na Diarra ni watani tangu enzi za mababu.

"Walaji wa maharage wamefika," Tenen alisema kabla ya salamu. "Fungueni madirisha."

"Nimekuja kuona kama mtumishi wangu anafanya kazi," Korotumu akajibu.

Tenen akamtazama Niagale uso, mgongo, miguu. "Anakunywa dawa gani?"

"Hakuna dawa," Korotumu akasema haraka. Niagale akainamisha kichwa.

"Diarra, wewe maharage tu huwezi kuyaficha tumboni, utaficha dawa?"

Korotumu akajikuta anacheka, na akicheka machozi yakamtoka. Akafungua pindo la kanga, akatoa kile kikaratasi.

Tenen hakutania tena. "Hizi zina homoni, mama. Mwili unayo yake kidogo, wewe umemjazia tele. Inaleta njaa, inajaza maji mwilini, inavimbisha mashavu, na vinyweleo vinafura ndio hizo chunusi. Karanga hazina kosa. Na huu alioupata si unene."

"Basi navitupa leo."

"Usithubutu. Mwili wake umeshazoea kuletewa, ukikata ghafla anaweza kuanguka. Tunapunguza kidogo kidogo, na kila wiki namuona hapa. Usoni msipake krimu yoyote ya sokoni."

"Na harusi?" Korotumu aliuliza. "Watamkataa?"

Niagale ndiye aliyejibu. "Kama wanaoa mashavu, Mama, wakayatafute kwingine. Mimi nitatoka hivi hivi."

Siku ya harusi mashavu yalikuwa yamerudi mahali pake, fundi alikuwa amelipunguza gauni mara mbili, na chunusi zilizobaki zilionekana kwa yeyote mwenye macho. Niagale alicheza mpaka kilemba kikamlegea. Bwana harusi hakumwacha hata kwa wimbo mmoja.

Yule shangazi aliyemshika mkono siku ya posa akasogea kwa Korotumu. "Mbona bibi harusi amekonda tena?"

Zamani Korotumu angeinama. Safari hii alimvuta kiti.

"Kaa nikueleze nilichomfanyia mwanangu," alisema, "maana nimesikia na wewe una binti wa kuozwa."

Yule shangazi akakaa, akasikiliza habari ya vidonge mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hivyo vidonge ni vile vyeupe vya kwenye beseni?"